Biskuti za Vuli

Mvua ya vuli hapa Wete haibishi hodi.
Iliingia usiku na nguo zake mbichi
ikakaa juu ya gunia la makaa,
na makaa yakisharowa ni mawe tu, meusi, ya bure.
Stovu ina utambi, mafuta haina.
Gesi iliisha Jumanne, nikasema: kesho.
Salme anaijua kesho yangu,
ndiyo maana alipokwenda dagoni Mtambwe
alijitwika na jiko lake.

Wiki tatu yuko huko, anawapikia wachumaji.
Leo anarudi.
Mize, miaka minane, jino lake la mbele kalifunga kwenye karatasi,
akasimama mlangoni kama mdai:
"Wewe ukirudi safari, baba, huwa pana kaimati."
Kweli. Huwa pana kaimati.
Sijawahi kuuliza hutoka wapi.

Tukaruka vidimbwi mpaka dukani kwa Mbarouk.
Paketi nne za biskuti, zile nyembamba za kuchovya chai,
zenye maandishi usoni ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma.
Kopo la maziwa mazito. Siagi ya robo.
Kakao ya kufungiwa kwenye gazeti.
Mbarouk akafungua daftari,
akaandika jina langu bila kuniangalia.

Kinu kilikuwa kikubwa mno kwa kazi hii.
Mize akazitia biskuti mfukoni, akafunga fundo,
akazikalia.
Kisha tukabiringisha chupa ya soda juu yake, huku na huku,
zikawa mchanga,
ila vipande viwili vitatu vilikataa.
Tukaviacha. Kila ukoo una wakaidi wake.

Siagi niliilainisha kiganjani;
joto la mkono ndilo jiko tulilobakiwa nalo.
Maziwa yakashuka taratibu
kama mtoto aliyetumwa asikotaka kwenda.
Iliki tatu. Mdalasini wa ncha ya kisu.
Kanda, kanda, mpaka likashikana.

"Tufinyange mipira," nikasema.
Mize akanitazama vile watu wanavyomtazama
mpimaji aliyeegemeza kidole kwenye mizani.
"Msimu gani huu, baba?"

Basi tukafinyanga karafuu.
Kijiti, urefu wa kidole cha mwisho.
Juu yake kichwa, duara dogo,
na kuzunguka kichwa, kwa ncha ya ukucha, meno manne.
Zake zilitoka karafuu.
Zangu zilitoka misumari ya kuezekea.
"Hizi tutasema makonyo," akasema,
akazitenga kwenye sahani ya peke yao
kama afanyavyo bibi yake jamvini.

Jirani, Bi Mkasi, ndiye mwenye friji.
"Keki isiyoona moto," akauliza, "ni keki,
au ni uji uliokasirika?"
Lakini akawasogeza changu wake wawili,
akatupa nafasi pembeni ya barafu,
akatuonya tusije tukamsingizia harufu.

Salme alifika baada ya alasiri,
buibui limemganda, matope mpaka magotini,
moshi wa kuni za mikarafuu kwenye nywele.
Akakaa kizingitini, akanyoosha miguu.
Mize akamletea sahani zote mbili, akajikaza asiseme.
Mkono wa mama ukapita juu ya karafuu nzuri,
ukachukua msumari.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.
"Nani katia karafuu humu?"

Hatukutia. Mize akaapa kwa jino lake.
Nikanusa vidole vyangu:
tangu mwezi wa nane nachota, napima, namimina magunia,
naoga, nanawa, nalala, naamka,
na karafuu bado inakaa chini ya kucha,
mpangaji asiyelipa kodi.

Salme akaitazama mikono yangu muda mrefu
kuliko alivyoitazama siku ya posa.
Akachukua msumari wa pili.
Nje mvua ikaanza tena,
watu wakakimbilia majamvi, mtaa mzima ukapiga kelele.

"Na gesi?" akauliza, mdomo umejaa.

Nikamwambia: kesho.